Kuhusu punda na kasa wa mbao unaotaka kuwapeleka Nairobi

Mdogo wangu, salamu kutoka mtaa wa Mkomani hapa Lamu. Umeuliza kama punda na kasa unaowachonga hapo mtaani Langoni watapata wanunuzi kwenye tamasha la mashabiki wa katuni mjini Nairobi, na uwauze kwa bei gani.

Watapata, nami nakusihi uende. Lakini usiige wahusika wa katuni za watu, maana Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inawalinda wenye wahusika hao. Wahusika wa kigeni wapo tele kwenye meza nyingine, ilhali punda wa Lamu mwenye mstari mweusi mgongoni, unaokatana na mwingine mabegani kama msalaba, ni wewe unayemwona kila asubuhi. Uchome mstari huo kwa ncha ya chuma cha moto badala ya kuupaka rangi, kwa kuwa rangi hubanduka mkobani.

Mbao ya mwembe iache ikauke barabara kabla ya kuichonga, kwani hewa ya bara ni kavu kuliko yetu na mbao mbichi itapasuka huko. Kwa kasa, tumia mbao tupu: gamba halisi, hata uliloliokota ufuoni, limekatazwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na adhabu yake ni nzito.

Bei ihesabu saa zako, nauli na kodi ya meza. Wachonge wadogo wengi wa kutundika kwenye funguo, na wakubwa wawili watatu wa kuwavuta wapitao.