Kama nyimbo zako za pembeni zinafanana na bendi yako

Nimepiga gitaa la ridhimu kwenye bendi ya dansi miaka tisa. Mwaka wa saba nilirekodi nyimbo zangu nne pembeni, na wenzangu watatu. Dada yangu alizisikiliza jikoni kwa simu huku akimenya viazi. Wimbo wa kwanza haujafika hata kwenye kibwagizo, akauliza, "Mbona hii ni bendi yenu?"

Liliniuma. Nikarudi studio, nikatoa gitaa, nikaweka kinanda na ngoma za kompyuta. Kufanana kukaisha, na wimbo ukafa.

Kwa hiyo usikimbie mkono wako. Wasikilize Les Wanyika. Mwaka 1978 Omar Shabani, mpiga ridhimu wa Simba Wanyika, bendi ya ndugu Wilson na George Kinyonga, alitoka na Tom Malanga wa besi, wakaunda kundi hilo jijini Nairobi pamoja na John Ngereza. Sikiliza "Sina Makosa": besi inaacha mwanya, ridhimu inaingia palepale, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Aliyezoea nyimbo za ndugu hao wa Kinyonga anaitambua ile damu, na ataachaje kuitambua, wakati sehemu ya sauti ya Simba Wanyika ilikuwa kwenye vidole vya hao waliotoka? Lakini sijawahi kumsikia mtu akiuita wimbo ule wa kuiga.

Mimi nilirudisha gitaa, nikabadilisha vinavyolizunguka. Tarumbeta, ambazo kwenye bendi hufungua karibu kila wimbo, nikaziacha. Nikamwita mwimbaji wa kike. Sauti yake iko juu, ikanibidi nipande na gitaa hadi sehemu ambazo vidole vyangu havikuzizoea, na huko nikaokota mapigo ambayo kwenye bendi nisingeyapata.

Halafu kuna adabu, na hapo nilikosea. Kiongozi wetu alizisikia nyimbo zile kwa mtu mwingine. Hakunifukuza, ila wiki tatu hakunisemesha nje ya jukwaa. Nenda kwake wewe mwenyewe kabla hujazitoa, zikiwa kwenye simu yako, mzisikilize pamoja. Mweleze pia wimbo upi ulizaliwa mazoezini. Wangu mmoja ulizaliwa hivyo: mpiga solo wetu ndiye aliyeanzisha ule mstari wa mwanzo tukijaribu vyombo, mimi nikaondoka nao kichwani. Nilimfuata kwake, tukakubaliana mgawo, tukaandika kwenye karatasi na kuusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa majina mawili.

Siku hizi tunaupiga na bendi pia. Yeye ndiye anayeufungua.