Usihesabu hadi kumi! Besi akigusa mnyoo wa plastiki, kita ndoana

Mdogo wangu, achana na hiyo habari ya kuhesabu hadi kumi, na uachane nayo kabla hujafika Lake Fork, ziwa la Texas, Marekani, Jumamosi. Umeuliza rangi ya mnyoo wa plastiki, yaani chambo bandia cha kumvulia besi, samaki wa maji baridi, ukauliza saizi ya ndoana na mahali pa kusimama, halafu mwishoni ukapitisha kama jambo dogo kwamba mwenzako wa kazini amekwambia, "Besi akigonga mpe nafasi ameze, hesabu kumi ndipo uvute." Hilo ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika, na ndilo litakaloua samaki.

Mimi niliambiwa hivyohivyo na bwana mmoja mwenye boti, niliyemlipa pesa nzuri anionyeshe ziwa hilohilo. Tulikuwa katikati ya visiki, maana Lake Fork ni bwawa, na miti mingi iliachwa imesimama maji yalipojaa. Nikatupa mnyoo, chubwi ikatua chini, nikainua ncha ya fimbo kidogo, nikasikia tk-tk. Bwana yule akanizuia kwa mkono: "Usimguse! Mwache ale!" Nikasubiri. Mshipi ukaanza kuelekea pembeni, bado ananizuia. Aliponiruhusu nikavuta, samaki akaja, lakini mdomoni sioni ndoana wala mnyoo. Nikampanua taya: mshipi umepita juu ya ulimi umezama kooni, na damu inachuruzika kwenye matamvua. Mwenye boti akatia koleo akavuta kwa nguvu. Ndoana ikatoka na nyama.

Tukampima, inchi 19. Anayejua sheria ya Lake Fork ameshaelewa. Pale besi mwenye urefu kati ya inchi 16 na 24 hachukuliwi. Sharti arudi majini papo hapo, awe mzima au mahututi. Kwa hiyo nikamrudisha samaki anayekufa. Siruhusiwi kumla, siruhusiwi kumpa mtu, naye kuogelea hawezi. Akalala ubavu pembeni ya boti, matamvua yanafunguka na kufunga bila mpango, na yule bwana ananiambia, "Si umempata lakini?" Nilichukia mno, na hasira hiyo haijaisha. Sheria ile imewekwa ili samaki wa kimo hicho wabaki wakue. Ziwa hilo ndilo lililotoa besi wa rekodi ya Texas, pauni 18.18, mwaka 1992. Halafu mtu anayekula kwa ziwa hilo anawafundisha wageni kuua wale wanaokua! Angekuwa hajui ningemsamehe. Lakini koleo alikuwa nalo mfukoni tayari, maana yake alishaliona jambo hilo mara nyingi.

Sasa sikia kwa nini kuhesabu ni upuuzi. Besi hatafuni mnyoo taratibu. Anapanua mdomo na matamvua kwa ghafla, maji yanafyonzwa na mnyoo unaingia nayo. Ile tk unayoisikia mkononi mara nyingi ndiyo kuingia kwenyewe: mnyoo umeshafika mdomoni. Utasubiri nini tena? Kuanzia hapo kuna mawili tu. Ama agundue kuwa ni plastiki ateme, kwa wepesi uleule aliofyonzea, ama aumeze uende kooni. Yote mawili ni hasara. Sisi tuliokulia pwani tukivua changu kwa mshipi wa mkono tunadanganyika kirahisi, kwa sababu kule chambo ni nyama halisi, samaki anadonoa, anarudi, na subira inalipa. Plastiki haina ladha ya kumrudisha, hata ile iliyotiwa chumvi haimshikilii muda mrefu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na sina nyingine: akigusa, shusha ncha ya fimbo imwelekee samaki, zungusha rili mpaka ulegevu wa mshipi uishe, kisha kita, yaani inua fimbo juu kwa nguvu ndoana ichome taya. Muda wote unaompa ni huo wa kukusanya ulegevu, basi. Usikite mshipi ukiwa umelegea, kwani nguvu yote itaishia kwenye kunyoosha mshipi na samaki hatasikia kitu. Na ukifunga mnyoo kwa mtindo wa Texas, ncha ya ndoana imefichwa ndani ya plastiki ili isinase kwenye visiki. Lazima ipenye plastiki kwanza ndipo ifike kwenye taya. Ndiyo maana kuvuta kwa upole hakutoshi. Mshipi wa nailoni unavutika, basi kita kwa mkono mzima. Wa kusuka hauvutiki, punguza kidogo usije ukampasua mdomo.

Na usingoje tk peke yake. Kuna besi wanaochukua mnyoo wakati unashuka, usisikie kitu kabisa. Tazama mshipi pale unapoingia majini. Ukisimama kabla chubwi haijafika chini, au ukienda upande usioutuma, au uzito ukatoweka mkononi kwa sababu samaki anakuja upande wako, huyo ni samaki. Zungusha haraka na ukite. Ukikosea umekita maji, hujapoteza kitu.

Kabla ya Jumamosi mpe mtu nyumbani ncha ya mshipi, aende nayo upande wa pili wa uwanja, aidonoe kwa vidole wakati wewe umefumba macho. Rudia mpaka mkono ushushe na kuzungusha wenyewe bila wewe kuuambia. Fanya hivyo usiku huu huu, rangi ya mnyoo inaweza kusubiri.

Na ikitokea samaki amemeza hata hivyo, usimruhusu mtu yeyote kutia koleo kooni na kuvuta. Kata mshipi karibu kabisa na ndoana umrudishe majini upesi. Akiwa na ndoana tumboni ana nafasi ya kuishi kuliko akiwa na koo lililochanwa.