Siti inateleza, pedeli inazama, je, Iringa ntafika?

SWALI: Shikamoo fundi. Mzee kaniachia sedani yake ya mwaka 1998, automatiki. Siku hizi nikikanyaga breki kwa nguvu siti yangu inarudi nyuma, alafu nikisimama kwenye taa mguu ukiwa palepale pedeli inazama yenyewe taratibu mpaka chini. Jamaa wa gereji anasema siti tuifunge waya, breki niongeze mafuta tu. Wiki ijayo nampeleka mama Iringa, itafika? (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kufika labda itafika, kusimama ndo sina uhakika, kwa hiyo usiende nayo. We unaona matatizo mawili ila mi naona kama ni moja, maana ukikanyaga breki kwa nguvu mgongo unaisukuma siti, siti ikiteleza mguu unaachia pedeli sekunde ileile unayoihitaji.

Siti isogeze mbele mpaka mwisho, washa tochi ya simu, chungulia reli zote mbili. Mi nishawahi kutoa humo kizibo cha soda, mbegu za zabibu na vumbi letu la Dodoma limegandamana kama tofali, nikasafisha loki ikauma vizuri tu. Ila kama meno yamelika tafuta siti na reli zake kwenye spea za mtumba, waya hapana jamani! Ukimaliza kaa, jisukume nyuma kwa miguu gari ikiwa imezimwa, ikicheza hata kidogo bado. Na ziume reli zote mbili, sio upande mmoja.

Breki sasa. Kama hakuna uvujaji kwenye matairi na mafuta kwenye kichupa hayapungui, mara nyingi ni raba za ndani ya masta silinda (ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli) zimechoka, mafuta yanapita pembeni, hapo hata uongeze lita nzima kazi bure. Masta ibadilishwe, na fundi afungue chupa mpya ya mafuta ukiona, maana mafuta ya breki yananyonya unyevu, DOT 3 (aina mojawapo ya mafuta hayo) ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205 ila ikishanyonya inaweza kushuka mpaka 140 hivi. We unarudi toka Iringa unashuka mlima Nyang'oro mguu uko kwenye breki muda wote, yakichemka pedeli inakuwa kama sponji. Hata gari ikipona, pale shuka na gia ndogo, 2 au L.

Wiki ijayo mpandishe mama basi, na huyo jamaa wa waya mwambie asante.