Kazi imeisha, sasa mimi ni nani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Morogoro, nilikuwa mhasibu kwenye mradi wa afya mpaka wafadhili wakajitoa tukapewa barua wote siku moja. Tangu hapo sijielewi. Kanisani nipo kamati ya ujenzi, kila harambee nilikuwa nasimama kutaja ahadi, saa hizi bahasha yangu ina miezi haina kitu, nikienda nakaa nyuma natoka kabla ya matangazo. Kitambulisho cha kazi bado kinaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani nashindwa kukitoa. Alafu marejesho ya kikoba nimechelewesha. Mchungaji anahubiri utambulisho wetu uko ndani ya Kristo, mi naitikia amina ila asubuhi nikiamka sina pa kwenda sioni inanisaidia nini.
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kupoteza kazi ni msiba ambao hakuna anayekuja kukaa nawe matangani, ndo maana unakulemea hivyo.

Neno la mchungaji ni kweli kabisa, ila hebu fungua Mathayo 3 pale Yesu anabatizwa Yordani. Sauti inatoka mbinguni, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye," na ukiangalia vizuri hapo Yesu hajahubiri bado, hajaponya mtu, hajaita hata mwanafunzi mmoja, yani Baba anapendezwa naye kabla hajaanza kazi. Sasa nenda sura ya 4, amefunga siku 40, ana njaa, mjaribu anamwanzia wapi? "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, amuru kwamba mawe haya yawe mkate." Anataka athibitishe. Na wewe ukiiona ile bahasha ndo unaambiwa hivyo hivyo, kama kweli ni mtoto wa Mungu mbona huna kitu. Yesu hakugeuza jiwe hata moja mwanangu, alibaki Mwana na njaa yake.

Paulo naye alikuwa na wasifu wa kutosha, Wafilipi 3 anautaja wote, kabila la Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, Farisayo, alafu anasema ameyahesabu hayo kuwa kama mavi ili ampate Kristo, na barua hiyo kaiandika akiwa kifungoni.

Sisemi kazi si kitu, wala siwezi kukuahidi utapata nyingine mwezi ujao, wanaoahidi hivyo kwenye mikutano wanaumiza watu sana. Ninachojua ni Warumi 8, kwamba tulipokea roho ya kufanywa wana ambayo kwa hiyo twalia Aba, Baba, na mtoto haachishwi utoto kwa barua. Asubuhi ukiamka, kabla hujaanza kuwaza pa kwenda, mwite hivyo kwa mdomo wako hata kama moyo ni mzito, na kesho tena, maana hofu nayo itarudi kesho.

Na makanisa yetu niyaseme. Yakobo 2 anakemea wazi kabisa mwenye pete ya dhahabu kupewa kiti kizuri na maskini kuambiwa simama pale, sasa sisi tukimpigia makofi mwenye ahadi kubwa mbele ya usharika mzima, asiye nacho atakaa wapi kama sio nyuma karibu na mlango? Viongozi mnaosoma hapa liangalieni hilo, linafukuza watu.

Jumapili hii kaa mpaka matangazo yaishe, bahasha iache nyumbani. Mchungaji au mama mchungaji mweleze hali halisi, na kwenye kamati endelea, uhasibu bado unaujua na ujenzi unahitaji mtu wa kukagua risiti. Kitambulisho utakitoa siku ukiwa tayari, wala sio dhambi. Ila kikoba usikiache, nenda kwa mwenyekiti wiki hii kabla hawajakufuata, omba wakupangie marejesho upya hata kidogo kidogo.