Wanamieleka Wengi, Ulingo Mmoja

SWALI: Kwa nini WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, husajili wanamieleka wengi, kisha wengine hawaonekani ulingoni miezi mizima?

JIBU: Hesabu ndiyo inayowabana. Kipindi cha saa mbili, ukitoa matangazo na majigambo ya kipaza sauti, hubakiza nafasi ya mapambano matano au sita hivi. Wengine husajiliwa ili tu wasiende kwa kampuni pinzani kama AEW. Ujanja ghali huo. Wapya wengi huanzia NXT, kikosi cha WWE cha kukuza vipaji kilichoko Orlando, Florida. Anayeachwa kutoka kikosi kikuu kwa kawaida huendelea kulipwa siku 90 bila ruhusa ya kupigana kwingine. Wa NXT, siku 30. Mtego uko kwenye kipengele cha majeraha: aliyeumia goti akakaa nje miezi sita, mkataba wake unaweza kurefushwa miezi hiyohiyo sita.