Kabla hujang'oa redio iliyokuja na gari: nilivyounganisha MP3 kwenye Carina ya zamani

Nyimbo za baba ziko kwenye MP3 ndogo inayoenea kiganjani. Mdogo wangu alimaliza likizo nzima akizihamisha kutoka kwenye kaseti: kwaya, zeze, ngoma za Kigogo zilizorekodiwa uani kwetu Mpwapwa, na katikati ya wimbo mmoja na mwingine sauti ya baba mwenyewe akiwaambia watu wasogee karibu na redio. Baba hatunaye tena. Mama alipokubali nimlete Dodoma atibiwe macho, nilitaka azisikie njiani, kwenye spika za gari. Iafoni hazitaki, anasema zinamziba.

Gari langu ni Toyota Carina ya 1998 kutoka Japani, na redio yake ni ileile iliyokuja nayo. Juu tundu la kaseti, chini CD. Hakuna AUX, yaani tundu la kuchomeka waya wa muziki, hakuna pa kuchomeka flashi, na Bluetooth ndiyo usiseme. Kila niliyemuuliza alinipa jibu moja: ng'oa hiyo, weka redio ya Android. Nilikaribia kukubali. Ninaandika haya kwa sababu najua wapo wengi wenye Carina, Corolla, Spacio na Noah za miaka hiyo wanaopewa jibu hilohilo, na wengi wao wangeweza kupata muziki mzuri bila kugusa hata skrubu moja ya deshibodi.

Nilianza na transmita ya FM, ile inayochomekwa kwenye tundu la laita. Inapokea muziki kutoka kwenye MP3 au simu, inaurusha kama kituo kidogo cha redio, na redio ya gari inaudaka. Niliinunua shilingi elfu kumi na tano. Muuzaji aliiwasha dukani, namba zikang'aa, akaniambia niiweke 98.5 kisha nitafute 98.5 kwenye redio. Nikaenda kwenye gari. Nikazungusha kitufe cha redio: 88, 89, 90, halafu ikaruka ikarudi 76. Nikazungusha tena, ikarudi 76 tena. Nilirudi dukani nikasema kifaa ni kibovu. Muuzaji akasema redio yangu ndiyo mbovu, na pesa hakurudisha.

Hakuna kilichokuwa kibovu. Kijana mmoja fundi umeme wa magari kule Kizota ndiye aliyenifungua macho. Hakushika hata bisibisi. Aliinama dirishani, akaitazama redio, akasema, "Dada, hii ni ya Japani. Tisini na nane haijui."

Maelezo yake ni haya, na ukiyashika umeokoa pesa. Redio za magari ya Kijapani ya miaka hiyo zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya kwao, megahezi 76 hadi 90. Sisi, kama sehemu kubwa ya dunia, tunatumia 87.5 hadi 108, na transmita nyingi zinazouzwa madukani zinarusha humo humo. Kwa hiyo redio hiyo na transmita vinakutana kwenye kipande kidogo tu, kuanzia 87.5 hadi 90. Ukiweka transmita 98.5, unamwita mtu aliye nyumba nyingine. Ndiyo sababu pia magari mengi yanapofika nchini hufungwa kidude kinachoitwa ekspanda: kinakaa kwenye waya wa antena na kuyashusha masafa ya juu mpaka yaingie kwenye namba ambazo redio inazijua.

Sasa hapo kwenye ekspanda ndipo watu wengi wanapopotea, maana hesabu inabadilika. Chukua kituo ambacho una uhakika na masafa yake, kitafute kwenye redio ya gari, halafu soma namba inayoonekana. Tuseme kituo kinarusha 100.0 na redio yako inakionyesha 88.0. Basi ekspanda yako inashusha 12. Ukiweka transmita 95.0, itafute kwenye 83.0. Ukishajua tofauti ya gari lako, iandike kwenye karatasi uibandike ndani ya droo ya deshibodi, kwa sababu utaisahau. Gari langu halikuwa na ekspanda. Niliweka transmita 88.9, redio 88.9, na sauti ikaja papo hapo.

Kwa wiki moja nilikuwa na furaha. Tatizo la transmita ni kwamba hewa si yako peke yako. Namba iliyokuwa tupu hapa mjini, yenye shshsh peke yake, ukisogea inakuta kituo cha watu. Nilipoenda Morogoro kikazi nilipitisha Kibaigwa vizuri, kufika mbele mahubiri yakaanza kuingia na kutoka katikati ya nyimbo zangu. Ukiamua kubaki na transmita, nina mambo mawili ya kukuambia. Antena ya gari kama inashuka, ishushe: vituo vya mbali vitafifia, na transmita iliyo humo ndani ya gari itabaki na nguvu ya kutosha. Pili, sauti ya MP3 usiifungulie mpaka mwisho. Iache kama robo tatu, halafu ongeza kwenye redio. Ikizidi pale inapoingia, hutoka ikiwa imepasuka, na hakuna kitufe cha redio kitakachoitibu.

Lakini zeze halivumilii mchakato ule. Sauti yake ni nyembamba, ina mikwaruzo yake halali ya upinde na nyuzi, na ukichanganya na mikwaruzo ya hewa huwezi kuitenganisha. Hukwe Zawose aliibeba ala hii ya Kigogo hadi majukwaa ya Ulaya. Nyumbani tuliisikia uani, na nilitaka mama aisikie kama ya uani. Nikarudi kwa yule fundi.

Akaniuliza, "Kaseti inacheza?"

Sikujua. Sikuwahi kuijaribu. Akatumbukiza kaseti ya zamani aliyokuwa nayo, ikatoka sauti kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya gunia. Akachukua kijiti, akakizungushia pamba, akakichovya kwenye spiriti, akamulika tochi ndani ya tundu na kusugua kwa utaratibu ile hedi inayosoma mkanda. Pamba ilitoka nyekundu ya kahawia, rangi ya barabara ya kwetu. Wanaoishi Dodoma wanalijua vumbi hili la kiangazi, linaingia hata kwenye kabati lililofungwa. Pamba ya pili ikatoka hivyo hivyo, ya nne ikatoka nyeupe. Akarudisha kaseti. Gunia likawa limeondoka.

Basi dawa ya redio yenye kaseti ni kaseti yenye waya. Kwa nje ni kaseti ya kawaida, ila ndani haina mkanda, na ubavuni unatoka waya wenye pini ya AUX ya milimita 3.5. Ndani yake kuna hedi ndogo inayokaa uso kwa uso na hedi ya redio. Muziki wa MP3 unageuzwa kuwa mabadiliko ya sumaku, redio inayasoma ikidhani mkanda unapita. Hakuna masafa, hakuna kituo kitakachoingilia, na mbali kule Gairo inasikika kama hapa Nzuguni.

Ukiinunua, itikise na uitazame kwenye matundu yale mawili ya magurudumu. Zile nzuri zina meno ndani yanayounganisha gurudumu moja na jingine, ili moja likizunguka na la pili lizunguke. Zile duni hazina, au yanateleza. Redio inapoona gurudumu la pili limesimama, inaamini mkanda umefika mwisho: inageuza upande, inageuza tena, mwishoni inaitema kaseti. Kama yako inafanya hivyo usilaumu redio kwanza. Jaribu kubonyeza kitufe cha kugeuza upande, ikigoma badilisha kaseti. Ya kwanza niliyonunua ilitemwa mara sita kati ya Ihumwa na Chamwino. Ya pili inaendelea hadi leo.

Kisha ukaja mluzi. Niliona MP3 inaishiwa chaji, nikaichomeka chaja kwenye laita huku ikicheza. Mara nikasikia mluzi mwembamba kwenye spika, nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka. Nilifikiri altaneta, ile inayochaji betri ya gari, inakufa. Fundi alichomoa chaja tu, kukawa kimya. Kumbe kifaa kikipata chaji kwenye gari huku kikicheza kwenye redio ya gari hilohilo, kelele ya altaneta inaweza kupita kwenye chaja na kuingia kwenye muziki. Kuna kidude kidogo cha kukata mluzi huo, kinakaa katikati ya waya wa AUX, na ndani yake kuna vitransfoma vinavyopitisha sauti bila waya kugusana. Mara nyingi kinasaidia. Mimi sikukinunua. Naichaji MP3 nyumbani usiku, inatosha kwenda Mpwapwa na kurudi.

Wenye redio yenye tundu la AUX kazi yenu ni waya tu, sina la kuongeza, isipokuwa kwa wenye simu zisizo na tundu la iafoni: kile kiunganishi cha kutoka tundu la chaji la USB-C kwenda AUX kipo cha aina mbili, chenye chipu ya kugeuza sauti ndani na kisicho nayo, na simu nyingi zinataka chenye chipu. Nenda na simu dukani, kijaribu kabla ya kulipa. Na kitufe kilichoandikwa MD kwenye redio za Kijapani si cha memori kadi. Ni cha diski ndogo ambazo Sony ilizitoa mwaka 1992, kwa hiyo usiingize kitu humo kwa nguvu.

Kuna Toyota ambazo nyuma ya redio zina soketi iliyowekwa kwa ajili ya kibadilisha CD cha kwenye buti. Vipo vifaa vinavyochomekwa hapo vikaidanganya redio kwamba vyenyewe ndivyo hicho kibadilisha CD, na vinakupa flashi na AUX. Sauti ni safi kabisa. Ila soketi zenyewe haziko za aina moja, kwa hiyo toa redio kwanza, piga picha ya nyuma, ndipo uagize.

Jambo linaloniuma zaidi ni la wenye Noah, Wish na nyinginezo zenye redio ya skrini ya ramani. Jirani yangu alienda kufunga AUX, fundi akachomoa betri kwa usalama, jambo ambalo kwa kawaida ni sahihi. Betri iliporudi skrini ikawaka na maandishi ya Kijapani, herufi ERC na namba ndefu. Redio imejifunga. Imetengenezwa ifanye hivyo umeme ukikatika, ili mwizi asifaidike nayo. Kuifungua kunahitaji namba ya siri inayotokana na namba ile ile ya kwenye skrini. Ikiwa bado yako inawaka, usiruhusu betri ichomolewe kabla hujajua kama ni ya aina hiyo. Siku ya kubadilisha betri mwambie fundi ashikize betri nyingine kwa waya za kubusti kwanza, ili umeme usikatike hata sekunde, na awe mwangalifu waya zisigusane. Kadi ya ramani ikiwa bado ipo kwenye redio, iache humo humo hata kama ramani ni ya Tokyo. Redio hizo nyingi zinaidai kabla ya kukubali kufanya kitu kingine. Na kabla hujakata tamaa na menyu ya Kijapani, ielekezee kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri. Jirani mwingine aligundua hivyo kwamba Bluetooth ilikuwamo siku zote.

Ukiamua hata hivyo kuweka redio mpya, kataa kukatiwa waya. Toyota nyingi za zamani zina plagi mbili nyuma ya redio, ya pini kumi na ya pini sita, na soketi za kuunganishia zinauzwa. Fundi akikata plagi na kusokota waya kwa selotepu, redio ya zamani hairudi tena, na siku moja waya utalegea barabarani. Fyuzi ya laita nayo ikiungua, weka yenye namba ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha boksi. Kipande cha waya kwenye nafasi ya fyuzi kinaweza kuunguza gari.

Mama nilimfuata Jumamosi. Kutoka Mpwapwa hadi mjini, kwa njia ya Kongwa na Mbande, ni kama kilomita 120. Tulipoiacha Kongwa nikabonyeza kaseti ndani. Ngoma zilianza, mama akaendelea kunisimulia habari za mbuzi. Halafu baba akasema kwa sauti yake, sogeeni. Mama akanyamaza. Baadaye akaniuliza kama naweza kurudisha nyuma, nikasimamisha gari pembeni tukarudisha.

MP3 haikai tena juu ya deshibodi. Niliyokuwa nayo kabla ya hii niliiacha pale mchana mmoja wa Oktoba, vioo vimefungwa, nikaikuta imevimba mgongoni. Betri za lithiamu haziwezi joto la gari lililofungwa juani. Hii inakaa ndani ya mfuko wa mlango, upande wa mama, imeviringishwa leso, na nakala ya nyimbo zote iko kwenye flashi mbili, moja kwangu na moja kwa mdogo wangu.