Barua kwa mwanangu: Tunakula nini mezani pa Bwana?

Tororo

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani hatujambo. Baba yako anapalilia mahindi na goti limempoa kidogo.

Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema mama wa kijana anayetaka kukuoa, ambaye ni Mkatoliki, alikuuliza mbele ya watu kama sisi Waanglikana wa Kanisa la Uganda tunapokea mwili wa Kristo au tunakula kaki tu, nawe ukakosa la kumjibu. Kisha ukaniuliza: kama ni alama tu, mbona wewe mama yangu ulikaa kwenye benchi miaka yote ya utoto wangu, wenzako wakienda kupiga magoti mbele? Nitayajibu yote mawili, maana kwangu mimi ni swali moja.

Tuanze na usiku wenyewe, ule Yesu alipokula mlo wa mwisho na wanafunzi wake. Pasaka ya Wayahudi ilikuwa mlo wa watu waliotolewa utumwani: mwana-kondoo, mboga chungu, na mkate usiotiwa chachu, kwa sababu usiku ule wa Misri hapakuwa na muda wa kungoja unga uumuke. Kila mwaka Wayahudi waliula mlo huo, na kila aliyeula alijihesabu kwamba naye ametoka Misri, hata kama amezaliwa karne nyingi baadaye. Kwenye mlo wa namna hiyo ndipo Yesu alipoutwaa mkate, akashukuru, akaumega, akasema, "Huu ndio mwili wangu unaotolewa kwa ajili yenu; fanyeni hivi kwa ukumbusho wangu." Basi ukisikia ukumbusho, usidhani ni kumfikiria mtu aliyekwisha kwenda zake. Anayekula anaingizwa ndani ya jambo lenyewe.

Makanisa yamegombana sana juu ya maneno hayo. Wakatoliki walitamka katika Mtaguso wa Laterano, mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1215, wakarudia huko Trento mwaka 1551, kwamba mkate na divai hugeuka kabisa kuwa mwili na damu, ingawa jicho linaona na ulimi unaonja vilevile. Hata wanamatengenezo, wale waliojitenga na Roma, hawakupatana wao kwa wao. Oktoba 1529 Martin Luther wa Ujerumani na Zwingli wa Uswisi walikutana mjini Marburg, wakaafikiana hoja 14 kati ya 15, na iliyowashinda ni hii ya meza. Zwingli alisema mkate unaashiria mwili. Luther, inasimuliwa, aliyaandika maneno ya Yesu kwa chaki juu ya meza na hakukubali kuyaacha.

Sisi Waanglikana tulikokwenda ni hapa. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha 1549 kilimwelekeza kasisi akupe mkate akiutaja kuwa mwili wa Bwana uliotolewa kwa ajili yako. Kile cha 1552 kikayaondoa maneno hayo, kikaweka mengine: twaa, ule, ukikumbuka kwamba Kristo alikufa kwa ajili yako, umle moyoni kwa imani na shukrani. Mwaka 1559 wakayaunganisha yote mawili, na hivyo ndivyo yalivyobaki hata katika kitabu cha 1662. Wako wanaosema huko ni kukwepa swali. Mimi naona ni unyenyekevu. Ibara ya 28 ya imani yetu inasema mwili wa Kristo hutolewa, hupokewa na kuliwa kwa namna ya kimbingu na ya kiroho, na kinachoupokea ni imani. Basi mjibu mama mkwe wako kwa heshima: tunampokea Kristo kweli, na mkate haukomi kuwa mkate.

Ukitaka kujua kama kwetu ni kaki tu, keti karibu na mbele, umtazame kasisi watu wakishamaliza kupokea. Husogeza chembe kwa kidole mpaka sahani ibaki safi. Divai iliyobaki huinywa yote. Humimina maji kikombeni, huyazungusha taratibu hadi ukingoni, huyanywa, ndipo hufuta kwa kitambaa cheupe. Hakuna anayefanya hivyo kwa chakula cha kawaida.

Sasa habari ya benchi. Mimi na baba yako tulioana kwa mila. Ng'ombe walipelekwa, wazee wakakubaliana, nyumba ikasimama. Arusi ya kanisani tuliiacha hadi pesa zipatikane, na wewe unajua pesa za kwetu zilivyokuwa zikienda: karo, dawa, mabati. Utaratibu wa kanisa ni kwamba asiyefunga ndoa takatifu hakaribii meza, kwa hiyo nilikaa. Niliimba, nilitoa sadaka, nilipika siku askofu alipokuja, lakini wenzangu wakiinuka na gomesi zao, yale magauni yetu ya heshima, kwenda mbele, mimi nilisogeza magoti wapite. Ulinisikia nikilia siku tuliyobariki ndoa nikapokea tena. Nililia kwa sababu nilikuwa na njaa, mwanangu. Ingekuwa alama tu, nisingekuwa na njaa nayo.

Miaka ile ndiyo iliyonifanya niisome vizuri 1 Wakorintho 11. Tumezoea kutishwa na onyo la kula "isivyostahili", kila mmoja akachungulia dhambi zake za siri. Lakini rudi juu kidogo uone Paulo alikuwa amekasirikia nini. Huko Korintho wenye nacho walitangulia kula vyao, "hata huyu ana njaa, na huyu amelewa." Kosa lao lilikuwa kumfanyia karamu Bwana huku wakimwaibisha maskini wake. Na dawa aliyowaandikia ni fupi: "mkutanikapo mpate kula, mngojane." Sisemi kanisa lisiwe na utaratibu. Ndoa ni jambo takatifu na nakutakia arusi ya kanisani. Ila nasema utaratibu ule uliwaelemea zaidi wale waliokosa pesa ya gauni na keki, na meza ile Luka anaandika kwamba hata mkono wa msaliti ulikuwa juu yake.

Wazee wa kwenu hukaa wakizunguka mtungi mmoja wa malwa, pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake, na mwenye ugomvi na jirani hawezi kukaa hapo akatulia. Paulo anasema neno la jinsi hiyo: mkate ni mmoja, ndiyo maana sisi tulio wengi tu mwili mmoja. Mwili wa Kristo uko mkononi mwa kasisi, na uko pia kwenye benchi nyuma yako. Ukiupokea wa kwanza na kuudharau wa pili, hujaupambanua ule mwili, na hilo ndilo onyo la Paulo.

Ndiyo maana Namugongo, mahali pa mashahidi wa Uganda, huniuma kila tarehe 3 Juni, siku yao. Mwaka 1886 vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja kwa ajili ya Kristo mmoja. Leo mahujaji tunatembea barabara moja, vumbi moja, kisha tunagawanyika: hawa kwenye basilika yao, hawa kwenye madhabahu yetu, misa huku, ibada kule. Papa Fransisko alipokuja Novemba 2015 alizuru pande zote mbili, nikafurahi. Lakini meza bado ni mbili, na wewe unaolewa katikati yake.

Kwa hiyo ukienda misa na kijana wako, usipokee. Kanisa lao halijaruhusu, na kujipenyeza si heshima. Baki kwenye kiti chako uombe, na ukiona uchungu usijilaumu. Naye akija kwetu, mwache afuate dhamiri yake. Nendeni mapema kwa padre na kwa kasisi, kabla wazee hawajaanza kupanga tarehe, kwa sababu ndoa ya namna hii inahitaji ruhusa ya askofu wao, na mtaulizwa juu ya watoto watakaozaliwa. Ubatizo wako wanautambua, hutabatizwa tena. Cheti chake kiko kwenye sanduku la baba yako. Nitakutumia kwa basi la Jumatatu, uende kukipokea stendi.

Mama yako akupendaye